Mdomo Hutua Wapi? Mjadala juu ya Vifaranga Wanaodonoana Katika Bruda za Likasi

Vifaranga wanaolelewa bila mama huwekwa katika bruda, yaani sehemu iliyozungushiwa ukingo na kutiwa joto la taa, la makaa au la gesi, ambamo hukaa wiki tatu hadi sita za mwanzo mpaka manyoya halisi yachukue nafasi ya malaika na kuwawezesha kuhimili baridi wenyewe. Humo ndimo mfugaji huona, mara nyingi kabla wiki ya pili haijaisha, jambo linalomtia wasiwasi: vifaranga ambao juzi walilala wamebanana kwa amani sasa wanarukiana, wanadonoana vidole, wanang'oana manyoya, na wakati mwingine wanatoana damu. Mjini Likasi, katika jimbo la Haut-Katanga, majibu juu ya nini kifanyike hapo ni mengi. Mjadala huu unakutanisha misimamo mitatu, kila mmoja ukipewa sauti ya mtu asiye na jina, kwa kuwa kinachopimwa ni hoja na si mwenye hoja.

Sauti ya kwanza ni ya mzee aliyekuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mmoja wa watu zaidi ya 10,000 walioondoka kazini katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari wa miaka ya 2003 na 2004, uliogharimiwa na Benki ya Dunia na kuwaacha wengi wao wakitafuta riziki kwa mashamba, uchuuzi na mifugo ya nyumbani. Mzee huyo hana bruda. Kuku wake wa kienyeji huatamia na kulea wenyewe ndani ya lupango, kama watu wa Katanga wanavyokiita kiwanja cha nyumba chenye ua. Sauti ya pili ni ya mama wa komini ya Kikula anayenunua vifaranga wa siku moja waliotoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, wakiwa katika katoni ya vifaranga 100 iliyogawanywa vyumba vinne vya vifaranga 25 kila kimoja. Sauti ya tatu ni ya daktari wa mifugo aliyesomea Chuo Kikuu cha Lubumbashi.

Mzee ndiye anayefungua, na msimamo wake ni kwamba ugomvi uachwe uishe wenyewe. Katika lupango lake, kila kuku anajua ni nani atangulie penye mahindi na ni nani asubiri, na ujuzi huo ulipatikana kwa kudonoana. Anayewaamua leo anawalazimisha kuanza upya kesho. "Mama," anasema, "waache wajuane. Wakishajuana watatulia."

Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa sababu sayansi yenyewe iliianzia mahali hapo. Mwanazuolojia wa Norwei, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyekuwa akiwatazama kuku tangu utotoni, alieleza mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwamba kundi la kuku lina ngazi ya ukubwa: kuku wa juu huwadonoa walio chini yake bila kudonolewa nao, wa pili huwadonoa wote isipokuwa wa juu, na kadhalika mpaka yule wa mwisho anayedonolewa na kila mmoja. Ngazi hiyo huokoa damu zaidi kuliko inavyoimwaga, maana ikishajulikana, kuku mdogo huinamisha kichwa au husogea kando, na vita huwa imekwisha kabla haijaanza.

Daktari haipingi ngazi hiyo. Anapinga umri wake. "Papa, maneno yako ni ya kweli kwa kuku wako, na yatakuwa ya kweli kwa vifaranga wa Mama baada ya miezi miwili," anajibu, kisha anaeleza kwamba ngazi ya ukubwa hujijenga takriban kati ya wiki ya sita na ya kumi, majogoo wakitangulia mitetea, na kwamba kifaranga wa siku tano hana cheo anachokipigania. Kuanzia wiki ya pili hivi huonekana michezo ya kivita: vifaranga wawili wanasimama uso kwa uso, wananyoosha shingo, wanaruka wakigongana vifua, halafu mmoja anakimbia na baada ya muda mfupi wote wawili wanakula pamoja kana kwamba hapakuwa na jambo. Michezo hiyo haina mshindi anayekumbukwa, na mfugaji anayeamka usiku kuiamua anajichosha bure.

Mama hajaridhika, kwa kuwa alichokiona kwake si mchezo: kifaranga mmoja alikutwa na kidole kilicholiwa hadi kwenye mfupa, na mwingine alikuwa na jeraha juu ya mkia huku wenzake watano wakimfuata nyuma. Hapo daktari anataja kipimo ambacho, kwa maoni ya mwandishi wa mjadala huu, kingestahili kuja kabla ya dawa yoyote, nacho ni kutazama mdomo unatua wapi. Mdomo unaotua kichwani au kwenye upanga, ule mnofu mwekundu wa utosini, huku wawili wakitazamana, ni wa ubishi wa ukubwa au wa mchezo wake. Mdomo unaotua vidoleni ni wa utafutaji. Mdomo unaotua mgongoni, mkiani au kwenye tundu la haja, ukitokea nyuma, mara nyingi kwa kifaranga aliyelala, hauna ubishi wowote ndani yake. Anayedonoa hana hasira na anayedonolewa si mpinzani bali ni kitu cha kuchokoza, na baadaye, damu ikishatoka, ni chakula. Mambo haya matatu yanaitwa ugomvi kwa jina moja, na ndiyo maana yanapewa dawa moja isiyoyafaa.

La vidole ndilo rahisi kulielewa. Kifaranga huanguliwa akiwa na mabaki ya kiini cha yai tumboni, akiba inayomtosha siku mbili hadi tatu, na ni akiba hiyo inayowezesha katoni kusafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka Kasumbalesa kupitia Lubumbashi hadi Likasi bila punje wala tone. Lakini anaanguliwa akijua kudonoa bila kujua kinachodonolewa. Mama kuku huwafundisha wanawe kwa kuita kwa sauti fupi za harakaharaka huku akiokota punje na kuiangusha mbele yao. Katika bruda hakuna anayeita, hivyo kila kitu kidogo chenye kung'aa hujaribiwa, na hakuna kinachong'aa kama kidole cha jirani chini ya taa kali.

"Lakini chakula kipo kwenye chombo tangu saa ya kwanza, Dokta," Mama anapinga. Daktari anajibu kwamba kuwapo kwa chakula si sawa na kuonekana kwake, na kwamba kifaranga mchanga hatambui chombo. Katika siku tatu za mwanzo chakula kimwagwe pia juu ya karatasi iliyotandazwa kwenye sehemu kubwa ya sakafu, ambapo hata mlio wa punje chini ya midomo ya waliotangulia huwavuta waliochelewa; maji yatangulie chakula, kwa sababu safari hukausha mwili kabla ya kuutia njaa; na kila kifaranga anayeonekana kuzubaa achovywe ncha ya mdomo majini mara moja. Mahali ambapo hayo yanafanyika, vidole huachwa vyenyewe baada ya siku chache.

Suala la joto na mwanga ndilo linalowatenganisha zaidi. Likasi iko kwenye uwanda wa juu, karibu meta 1,300 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10, ilhali kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35 kwenye kimo cha mgongo wake, zikipunguzwa takriban nyuzi 3 kila wiki mpaka kufikia kama 21. Mji uko karibu na mitambo ya umeme ya Mwadingusha na Koni katika mto Lufira, iliyojengwa zama za Union Minière kwa mahitaji ya viwanda vya shaba, lakini ukaribu huo hauzuii taa za nyumbani kuzimika. Mama hutumia balbu kubwa inayowaka mchana na usiku, na umeme ukikatika huleta mbabula, jiko la makaa la kila nyumba ya Katanga, na kuliweka karibu na ukingo.

Mzee anacheka kidogo na kuuliza swali ambalo pengine ni bora kuliko yote yaliyoulizwa: mama kuku anapowafunika wanawe, je, chini ya mabawa yake huwa kuna taa? Daktari anakiri kwamba swali hilo lina uzito. Balbu moja inafanya kazi mbili ambazo katika maumbile hazikai pamoja. Inapasha joto na inaangaza, kwa hiyo kifaranga anayetaka kulala analazimika kulala palipo na mwanga mkali, katikati ya wenzake walio macho na wenye midomo isiyotulia. Hapo ndipo manyoya ya mgongoni huanza kuvutwa. Tafiti zilizofanywa Denmark zimeonyesha kwamba vifaranga wanaopewa kifuniko chenye joto lakini chenye giza, kilichoning'inizwa mapazia pembeni ili kila kifaranga aingie na kutoka apendavyo, huvutana manyoya mara chache zaidi kuliko wengine, wakati huo na hata wanapokua, kwa sababu wanaolala na wanaotembea hawakutani.

Kutokana na hayo mbabula, ambayo Mama anaiona kuwa ya dharura na ya aibu mbele ya mtaalamu, ina sifa moja ambayo balbu haina: inatoa joto bila kuangaza sana. Daktari hata hivyo anatahadharisha kwa ukali kwamba makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, monoksidi ya kaboni, inayoua vifaranga na watu waliolala chumba hichohicho. Njia anayoikubali ni kuweka makaa ndani ya kasha la bati lenye kifuniko na bomba la kutolea moshi nje, kuliwekea kasha hilo uzio wa waya ili maranda ya mbao yaliyotandikwa sakafuni yasishike moto, kutundika pazia la gunia upande wa vifaranga mbali na bati, na kuacha uwazi wa hewa juu ya ukuta hata katika baridi ya Julai.

"Na gizani humo Mama atajuaje kama wamepata baridi?" anauliza mzee. Kwa sikio, daktari anajibu, na kwa jinsi walivyojipanga. Vifaranga wenye baridi hulia kwa sauti kali ya juu isiyokatika na hurundikana hadi kukanyagana. Waliozidiwa joto hujitenga na chanzo chake, wakitweta mdomo wazi na kulegeza mabawa. Waliosogea wote upande mmoja wanakimbia upepo unaoingia mahali. Na waliotawanyika sawasawa, wakilialia kwa sauti ndogo ya kuridhika, hawana la kuomba. Wakati wa kukatika kwa umeme, kurundikana ndiko kunakoua wengi zaidi ya kudonoana kokote, na wale wanaokanyagwa wakapata mchubuko ndio wanaodonolewa kesho yake, jambo linalomfanya mfugaji amlaumu mdonoaji badala ya usiku uliopita.

Kuhusu chakula wote watatu hawachukui muda mrefu kukubaliana, ingawa Mama anakubali kwa uchungu wa mfuko. Chakula cha kuanzia kinatakiwa kiwe na protini karibu asilimia 20, na mahindi yana kama 8 au 9 tu. Anayerefusha gunia kwa kuongeza pumba za mahindi anapunguza pia methionini, kijenzi cha protini ambacho mwili hukihitaji sana kutengenezea manyoya, pamoja na chumvi. Kifaranga aliyekosa vitu hivyo huvitafuta penye manyoya na damu. Soya iliyokaangwa na dagaa waliosagwa vinaweza kuziba pengo hilo, kwa gharama.

Damu ikishaonekana, daktari anahamia upande wa Mama kabisa, na mzee anabaki peke yake. Kuku huona rangi vizuri kuliko binadamu, na doa jekundu juu ya malaika ya manjano huwavuta wote. Waliojifunza kuonja damu hufundisha wengine kwa kuigwa tu. Aliyejeruhiwa atolewe saa hiyohiyo, apakwe dawa ya zambarau ya vidonda, ambayo pamoja na kuua vijidudu huficha wekundu, na asirudishwe mpaka kidonda kikauke. Mwenye kinyesi kilichoganda kwenye tundu la haja aoshwe kwa maji ya uvuguvugu, kwa kuwa uvimbe wa hapo huwavuta wadonoaji. Akitambulika mmoja anayewaanza wenzake, atengwe naye, ingawa daktari anaongeza kwamba mara nyingi wanaotuhumiwa ni wale waliokutwa tu karibu na kidonda. Balbu nyekundu inasaidia kwa siku chache kwa sababu chini yake damu haitofautiani na kitu kingine. Wazo la kumficha kuku wekundu lina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa: mwaka 1903 mtu mmoja wa Tennessee, Marekani, alipewa hataza ya miwani ya kuku ya kukinga macho yao dhidi ya midomo ya wenzao, na miwani ya aina hiyo iliuzwa kwa miaka mingi baadaye, mingine ikiwa na vioo vyekundu. Mzee anauliza ni nani aliyewavisha.

Mama anapendekeza kwamba badala ya hayo yote midomo ikatwe kwa kisu kilichopashwa moto, kama alivyosikia kwamba wafugaji wakubwa hufanya. Ni kweli kwamba kupunguza ncha ya mdomo ni desturi ya mashamba mengi ya kuku wa mayai duniani, siku hizi mara nyingi kwa miale ya joto siku ya kuanguliwa. Ni kweli pia kwamba Uswidi iliipiga marufuku mwaka 1988 na wafugaji wake wanaendelea kupata mayai. Ncha ya mdomo imejaa mishipa ya fahamu, na ndiyo kidole cha kuku. Kisu cha jikoni mikononi mwa asiyefunzwa huleta damu, maambukizo na kifaranga asiyeweza kuokota punje, yaani kinaongeza sababu zilezile za kudonoana. Daktari hasemi kwamba jambo hilo halifai popote. Anasema halifai Kikula, kwa vifaranga 100, kabla sababu nyingine hazijaondolewa.

Moja ya sababu hizo ni uvivu wa kulazimishwa. Mtafiti Mholanzi Harry Blokhuis alitoa hoja mwaka 1986 kwamba kuvutana manyoya ni kudonoa ardhi kulikokosa ardhi: kiumbe aliyeumbwa kuchakura siku nzima, akiwekwa juu ya sakafu tupu, huchakura alichonacho, naye ana jirani tu. Maranda makavu yatandikwe mapema, siyo baada ya tatizo. Kuanzia wiki ya pili punje chache na changarawe ndogo zitupwe ndani yake. Na fungu la lengalenga, mboga ambayo pwani huitwa mchicha, lifungwe kwa kamba kwenye kimo kinachowalazimu kunyoosha shingo. Mzee hapa anafurahi waziwazi, kwa kuwa yote hayo kuku wake wanayapata bila kutundikiwa.

Linabaki suala la nafasi, na hapo ndipo Mama anapotoa hoja yake ngumu zaidi. Boksi lake lina meta za mraba mbili, vifaranga waliingia 100, na kwa wiki mbili hapakuwa na tatizo. "Idadi haijaongezeka, Dokta. Walikuwa 100, na sasa ni 97." Daktari anajibu kwamba idadi haikuongezeka lakini miili imeongezeka: kifaranga huanza na gramu 40 hivi, na yule wa nyama hupita kilo moja akifika wiki ya nne. Meta moja ya mraba inayowatosha 50 katika wiki ya kwanza haiwatoshi zaidi ya 20 katika wiki ya nne, na vyombo vya chakula vilivyowatosha wote kula pamoja sasa vinawalisha nusu huku nusu nyingine ikingoja nyuma, kwenye mikia ya waliotangulia. Ukingo wa bruda uwe wa kusogezwa nje kila baada ya siku chache, na anayejua kwamba ukuta wake hausogei apunguze kundi tangu siku ya kwanza.

Lakini katoni haiuzwi nusu, Mama anakumbusha, na muuzaji wa Lubumbashi hapangi biashara yake kwa kufuata ukubwa wa nyumba za Kikula. Ni mzee, si daktari, anayetoa njia: majirani wawili wachangie katoni moja na nauli yake, kila mmoja achukue vyumba viwili vya vifaranga 25, na kama Mama anapenda, kumi na wawili kati ya wake wawekwe usiku chini ya kuku mlezi wa mzee, kabla hawajafikisha siku tatu, ili awapokee kama wanawe. Daktari anaafiki la kwanza mara moja. La pili analiwekea sharti, kwa sababu kuku wa kienyeji wanaotembea huru huweza kuleta kideri, ugonjwa wa virusi unaofagia kundi zima kwa siku chache, na kuku wa mzee hawajawahi kuchanjwa. Mzee anasema wameishi miaka mingi bila sindano. Daktari anamjibu kwamba chanjo ya kideri ipo ya matone ya jichoni na haihitaji sindano. Mama anachukua nusu ya katoni na kumwachia mzee kuku wake mpaka matone hayo yapatikane.